Tovuti ya Biashara Imechakaa na Muda Huna: Anza na Dalili

Mwongozo huu ni wa wafanyabiashara wa Dodoma: mwenye gesti Area D, muuza zabibu kavu na mvinyo wa Mpunguzi, fundi aluminiamu wa Chang'ombe, mama anayetoa mafuta ya alizeti Singida na kuyauza Majengo. Ni watu waliotengenezewa tovuti kwa shangwe, wakaituma kwenye magrupu yote, kisha kazi zikawazidi. Ushauri wanaopewa kila kona ni ule ule: "weka habari mpya kila wiki". Sikubaliani nao. Tovuti ya biashara ndogo haichakai kwa sababu mwenyewe haandiki. Inachakaa kwa sababu tangu siku ya kwanza ilijazwa vitu vyenye tarehe ya kuisha. Ni kama duka: ukipanga rafu nzima nyanya, lazima uwepo kila asubuhi kuzichambua, ukipanga chumvi, unaweza kwenda msibani Kondoa ukarudi ukaikuta vilevile. Kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kupunguza nyanya. Kuandika kunakuja baadaye, tena kidogo.

Kabla hujagusa chochote, itazame tovuti kama mteja. Zima wifi ya ofisini, tumia bando, fungua kichupo fiche kwenye Chrome ili simu isikuletee kumbukumbu za zamani, kisha andika anwani herufi kwa herufi. Au fanya hivi, ni bora zaidi: mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti yako, mwambie, "Nitafutie bei ya chumba na namba ya kupiga." Halafu nyamaza. Usimwelekeze. Pale atakapokwama ndipo penye ugonjwa, na hapo utajua uanze na dalili ipi kati ya hizi.

"Haifunguki kabisa"

Watu hukimbilia kulaumu mtandao. Mara nyingi mchawi ni ada. Tovuti ina malipo ya aina mbili ambayo wengi huyachanganya: jina lenyewe (lile linaloishia na .co.tz au .com), na seva ambako kurasa na picha zinakaa. Jina hulipiwa kwa muda maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja, na muda ukiisha bila malipo linazimwa hata kama seva imelipiwa vizuri. Ili kujua ni lipi limekufa, tafuta jina lako kwenye huduma yoyote ya WHOIS mtandaoni. Utaona msajili (kampuni iliyokusajilia jina) ni nani na tarehe ya kuisha ni lini. Tarehe ikiwa imepita, lipia jina. Ikiwa bado, geukia kwa mwenye seva: ada haijalipwa, nafasi imejaa, au seva yenyewe imeanguka.

Ugumu unaanzia kwenye swali linalofuata.

"Dada, akaunti ya kwa msajili unayo?"

"Alikuwa nayo yule kijana aliyenitengenezea."

"Yuko wapi?"

"Alihamia Mwanza, kaka. Namba haipatikani."

Hiki ndicho chanzo kikuu cha tovuti kufa katika mji huu, na hakihusiani na teknolojia. Fundi alisajili jina kwa barua pepe yake. Tahadhari zote za "jina lako linaisha baada ya siku 30" zinaenda kwake, na yeye ameshaacha kufungua sanduku hilo. Kama bado mnaongea, mwombe leo abadilishe barua pepe ya mmiliki iwe yako. Si ya ofisi iliyo kwenye tovuti hiyo hiyo, maana tovuti ikifa nayo inakufa. Tumia barua pepe ya kawaida unayoifungua kwenye simu. Kama hapatikani, nenda kwa msajili aliyeonekana kwenye WHOIS ukiwa na karatasi zako: usajili wa BRELA, leseni ya biashara, TIN, na risiti yoyote ya malipo uliyowahi kufanya. Majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo ukipigwa danadana na msajili pana pa kupeleka malalamiko. Ukishalirudisha jina, lilipie miaka kadhaa kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu. Hakuna pesa inayookoa muda kuliko hiyo.

Kuna kundi jingine dogo ambalo bado linahangaika bure. Kama anwani yako iliishia na business.site, hiyo ilikuwa tovuti ya bure ya Google iliyotengenezwa kutoka kwenye wasifu wa biashara. Google ilizifunga zote Machi 2024. Hakuna cha kufufua. Ondoa anwani hiyo kwenye kadi, kibao na Instagram, kisha usome kipande cha mwisho cha mwongozo huu kabla ya kutoa pesa ya kujenga nyingine.

"Inafunguka, ila simu inasema si salama"

Cheti cha usalama kimeisha au hakijawahi kuwepo. Tangu Julai 2018 Chrome huandika onyo hilo kwa kila tovuti isiyo na https, na mteja akiliona anaondoka akidhani umeibiwa au wewe ndiye mwizi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hudumu siku zisizozidi 90, na seva nyingi huvihuisha zenyewe. Kama chako kiliwahi kufanya kazi kisha kikaacha, basi uhuishaji wa otomatiki umekwama, mara nyingi baada ya kuhamisha tovuti au kubadilisha seva. Ingia kwenye paneli ya seva, sehemu ya SSL, ubofye kuhuisha. Ikigoma, andikia huduma kwa wateja wa seva. Ni kazi yao, na ni ya dakika chache. Usikubali kuuziwa cheti cha gharama kubwa kwa ajili ya tovuti ya gesti.

"Inafunguka vizuri, lakini inaonekana ya mwaka juzi"

Hapa ndipo wengi wenu mlipo, na hapa nitakaa.

Chukua maneno haya ya ukurasa wa mbele wa gesti. Nimeyaunganisha kutoka sehemu mbalimbali ili kusiwe na wa kujitambua: "Karibu! Tupo dakika tano kwa miguu kutoka stendi kuu ya mabasi, jirani na wizara. Chumba 35,000 pamoja na chai. Ofa ya Krismasi 2022. Lipia kwa Tigo Pesa." Mistari minne, na hakuna hata mmoja uliobaki salama. Stendi kuu ya mabasi ilihamia Nzuguni, kwa hiyo mgeni aliyeshuka huko na begi lake anaanza kutembea dakika tano kuelekea porini. Wizara zimehamia Mji wa Serikali, Mtumba. Bei imepanda, na mgeni anaishikilia ile 35,000 mapokezi kama mkataba. Krismasi ile imepita. Na Tigo ilibadilika kuwa Yas Novemba 2024, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mteja anayesoma hayo hasemi kwamba mwenye gesti amebanwa na kazi. Anasema hapa pamefungwa.

Dodoma ni mji mbaya kwa maneno ya aina hii kwa sababu wenyewe hautulii. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, barabara, ofisi na vituo vimekuwa vikihama. Kisha mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria. Maelekezo yanayotegemea jirani yatakusaliti tu, hivyo andika eneo, mtaa, na uweke linki ya ramani. Ukitaka kutaja alama, taja kitu ambacho hakitahamishwa na waraka wa serikali.

Sasa tuandike upya: "Tupo Area D, Dodoma. Bofya hapa ramani ikulete mlangoni. Vyumba vina maji ya moto, neti na maegesho ya ndani. Bei inaanzia 45,000 na chai ndani yake. Kujua nafasi ya leo, tutumie WhatsApp. Tunajibu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Tunapokea malipo ya simu ya mitandao yote. Wageni wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, wekeni nafasi mapema." Angalia mstari wa mwisho. Unaonekana mpya kila mwaka bila kuguswa, kwa sababu Bunge la bajeti linarudi kila mwaka. Muuza zabibu naye afanye hivyo hivyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, badala ya "Msimu umeanza, wahi!" aandike miezi ambayo yeye huvuna na kwamba nje ya miezi hiyo anauza kavu na mvinyo. Maneno hayo yataishi muda mrefu kuliko kaunta yake.

Kuhusu bei, najua kishawishi kilipo: kuzifuta zote na kuandika "bei tuulize". Usifanye hivyo. Wateja wetu wameshachoka na "bei njoo inboksi", na wengi wanaichukulia kuwa dalili ya kupigwa. Weka bei ya kuanzia, tena mahali pamoja tu. Tatizo la bei kwenye tovuti nyingi ni kwamba imeandikwa mara tano: kwenye ukurasa wa mbele, kwenye huduma, ndani ya picha ya bango, kwenye PDF ya kupakua, na kwenye maelezo ya chini. Ukibadilisha moja, nne zinabaki kukusuta. PDF iondoe kabisa. Ikishapakuliwa inazunguka kwenye simu za watu na huwezi kuirudisha. Bango lenye bei ndani ya picha nalo liondoe, maana kulibadilisha kunahitaji mbunifu, na mbunifu anahitaji wiki.

Ukurasa wa "Habari Mpya" wenye habari moja ya "Tunazindua tovuti yetu" ufutwe leo. Usiufiche, ufute, na uondoe kitufe chake kwenye menyu. Hakuna mteja aliyewahi kukodi fundi aluminiamu kwa sababu ya ukurasa wa habari. Mahali pake weka "Maswali ya wateja", ambapo majibu hayana tarehe: dirisha la futi nne kwa nne linachukua siku ngapi, unatoa malipo ya awali kiasi gani, mnafunga hadi Kongwa au mwisho ni Dodoma mjini? Na ule mwaka ulioandikwa chini kabisa ya tovuti, mwambie fundi auweke ujibadilishe wenyewe au autoe. Ni jambo dogo, lakini macho ya mteja hufika huko.

"Nimebadilisha, lakini mteja bado anaona ya zamani"

Usibadilishe mara ya pili. Kwanza fungua kichupo fiche. Ukiona mpya, basi mabadiliko yameingia na tatizo ni nakala iliyohifadhiwa kwenye simu ya mteja. Itajifuta, au afute data ya kivinjari. Ukiona ya zamani hata huko, kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kuharakisha tovuti au huduma kama Cloudflare inayohifadhi nakala katikati. Tafuta kitufe cha kufuta nakala hizo, kibofye, subiri dakika chache.

Kama tovuti iko sawa ila matokeo ya Google yanaonyesha maelezo ya zamani, Google haijarudi kukagua. Ukiwa na akaunti ya Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, weka anwani ya ukurasa huo na uombe ukaguliwe. Kama huna, Google itarudi yenyewe. Kama ni ile picha na maneno yanayotokea ukituma linki WhatsApp, zinatoka kwenye nakala iliyochukuliwa zamani. Ongeza ?v=2 mwishoni mwa linki, kisha itume tena.

Halafu kuna saa. Hili limewaponza watu wazima na akili zao. Unajaza wasifu wa biashara kwenye Google, unafika kwenye saa za kazi, unafungua saa 2 asubuhi, unaandika 2:00. Google haihesabu kwa Kiswahili. Imeandika unafungua saa 8 usiku, na ukifunga saa 12 jioni ukaandika 12:00, imeelewa saa 6 mchana. Matokeo yake mteja wa alasiri anaona maandishi mekundu kwamba umefungwa, anakwenda kwa jirani. Saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kagua leo. Kwenye tovuti yenyewe, ambayo inasomwa na binadamu, andika saa za kwetu ukiongeza "asubuhi" na "jioni". Na kama tovuti yako inaendeshwa na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwenye mipangilio yake chagua eneo la saa la Dar es Salaam. Ukiiacha kwenye UTC, saa ya kimataifa, tangazo ulilolipangia saa litachelewa kwa muda wa saa tatu nzima.

"Watu wanaingia ila hawanitafuti"

Usidhani hawataki. Kwanza bofya kitufe chako cha WhatsApp ukitumia simu ya mtu mwingine. Linki ya wa.me inataka namba ya kimataifa bila alama ya jumlisha, bila nafasi, na bila sifuri ya mwanzo: 255 kisha tarakimu tisa. Wengi huandika 255 halafu wakabandika namba nzima pamoja na sifuri yake, na mteja anaambiwa namba haipo. Kosa hilo linaweza kukaa mwaka mzima bila wewe kujua, kwa sababu mteja aliyekwama hawezi kukupigia kukuambia amekwama. Ukimaliza kurekebisha, ongeza mwishoni mwa linki sehemu ya ujumbe ulioandaliwa tayari, mfano "Habari, nimetoka kwenye tovuti, naulizia chumba". Kwa njia hiyo utajua nani katoka wapi bila kujifunza takwimu zozote.

Pili, fomu ya mawasiliano. Ijaze mwenyewe na uone ujumbe unafika wapi. Fomu nyingi zimeelekezwa kwenye barua pepe ya fundi, au kwenye sanduku lililojaa, au zinaishia kwenye taka kwa sababu seva inatuma barua bila kujitambulisha vizuri. Kurekebisha hilo la mwisho kunahitaji mtu anayejua kuweka SMTP, yaani njia rasmi ya kutuma barua pepe. Kama huna mtu, toa fomu. Namba ya simu inayobofyeka na WhatsApp vinatosha kabisa kwa biashara ya ukubwa wako, na unapunguza mzigo: ukikusanya majina na namba za watu kwenye fomu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe.

"Inachelewa kufunguka"

Picha. Karibu kila mara ni picha. Picha ya simu za sasa ina megabaiti kadhaa, na ukiweka kumi kwenye ukurasa mmoja mteja wa bando la siku ataona duara linazunguka kisha atarudi nyuma. Punguza upana uwe pikseli 1200 hivi na uzito usizidi kilobaiti 200. Squoosh hufanya hivyo bure ndani ya kivinjari. Ukiwa huna hata muda wa Squoosh, jitumie picha WhatsApp kwa ubora wa kawaida, uipakue ikiwa imeshabanwa. Si njia ya kitaalamu lakini inafanya kazi. Ondoa na ile slaidi ya picha tano zinazopishana juu ya ukurasa. Hakuna anayeingoja ya tatu.

"Naogopa kuigusa, mara ya mwisho iliharibika"

Hofu hii ina msingi. Tovuti ya WordPress iliyoachwa miaka miwili ikisasishwa yote kwa kubofya mara moja, inaweza kukuletea ukurasa mweupe au ujumbe wa hitilafu kubwa, kwa sababu plagini moja ya zamani haielewani na toleo jipya la PHP, lugha inayoendesha WordPress. Utaratibu ni huu: chukua nakala rudufu ya kila kitu kupitia paneli ya seva na uipakue kwako, futa plagini usizozitumia kabla ya kusasisha chochote, maana plagini iliyozimwa lakini ipo nayo ni mlango wa wadukuzi, kisha sasisha moja, fungua tovuti uone, ndipo uende ya pili. Ikianguka, usipanik. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress hutuma barua pepe kwa msimamizi yenye linki ya kuingia na kuizima plagini yenye tatizo. Na hapo tunarudi kwa yule kijana wa Mwanza: kama barua pepe ya msimamizi ni yake, linki ya kukuokoa inakwenda kwake. Ibadilishe kwanza, kabla ya nakala rudufu, kabla ya yote.

Baada ya hapo washa usasishaji wa otomatiki kwa plagini chache zilizobaki. Tovuti yenye plagini tano inaweza kujiendesha. Yenye thelathini inahitaji kuajiri mtu.

"Yote nimeelewa, ila muda sina"

Muda wa kuandika unao tayari; unautumia WhatsApp. Kila siku unajibu mteja, "Ndiyo mama, mafuta ya lita tano yapo, tunatuma hadi Bahi kwa basi, nauli ya mzigo unalipia mwenyewe ukipokea." Hilo ni jibu kamili la ukurasa wa maswali. Siku ukijikuta unaandika jibu lile lile kwa mtu wa tatu, bonyeza, nakili, fungua programu ya WordPress kwenye simu, bandika. Kama jibu ulilituma kwa sauti, bonyeza maikrofoni ya kibodi uliseme tena likiandikwa. Usilipambe. Lugha uliyomjibu nayo mteja ni nzuri kuliko ile ya "tunatoa huduma bora zenye viwango vya kimataifa" iliyojaa kwenye tovuti za watu.

Vinavyobadilika kila siku, kama chumba kilichobaki, mzigo ulioingia au ofa ya wikendi, visiwekwe kwenye tovuti kabisa. Viweke kwenye stetasi ya WhatsApp, vitajifuta vyenyewe baada ya saa 24. Picha mpya za kazi weka kwenye wasifu wa biashara wa Google au Instagram, ambako kupandisha picha ni vidole viwili, na tovuti iwe na linki ya kwenda huko.

Ukaguzi wa jumla usiupange kwa "kila Jumatatu". Jumatatu itakushinda. Ufunge kwenye kalenda ambayo biashara yako inaifuata hata usipotaka. Mwenye gesti akague Machi, kabla wabunge hawajaingia. Muuza pembejeo na mashine akague Julai, kabla ya Nanenane ya Nzuguni. Wa steshenari na hosteli kuzunguka UDOM akague kabla chuo hakijafunguliwa. Mkulima wa zabibu ana mavuno yake mawili. Anayenunua mahindi Kibaigwa anajua mwenyewe soko linapochangamka lini. Ukaguzi ni vitu vitano tu: namba, bei, saa, ramani, njia za malipo. Hauzidi muda wa kusubiri chipsi zikaangwe.

Kama utampa kijana akusaidie, na hapa mjini vijana wa vyuo wanaojua kazi hii hawakosekani, mfungulie akaunti yake ya mhariri. Usimpe ya msimamizi, na usimpe neno lako la siri. Mhariri anaweza kuandika na kubadilisha kurasa zote lakini hawezi kukufungia nje. Siku akipata kazi kwingine unaifuta akaunti yake, mnaagana vizuri.

Pale ambapo hakuna tiba inayoshika

Kuna tovuti zenye kurasa kumi na mbili ambazo zilitakiwa kuwa na moja. "Kuhusu sisi", "Dira na dhamira", "Timu yetu" yenye picha ya mtu aliyeacha kazi, "Matukio". Kama umepitia mwongozo huu mara mbili na bado inarudi kule kule, ipunguze iwe ukurasa mmoja: unafanya nini, uko wapi, inaanzia bei gani, picha sita za kazi uliyofanya mwenyewe, maswali matano, namba. Biashara ambayo wateja wake wote ni wa mtaani na wanakuja kwa kuelekezana inaweza hata kuishi na wasifu wa Google peke yake, bila tovuti, mradi jina la .co.tz uendelee kulilipia ili asilichukue mwingine.

Ukipunguza, usizifute kurasa za zamani na kuziacha zitoe kosa la 404 (ukurasa haupatikani). Mwambie fundi azielekeze zote kwenye ukurasa mpya kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), maana kuna watu walihifadhi linki zako, na Google nayo bado inazikumbuka.